Mkata Ngazi Hana Mwamvuli

Jioni moja pale Mutarule, chini ya mwembe ulio kando ya barabara ya Uvira, simu ya kijana mmoja ilikuwa inapita mkono kwa mkono. Ndani yake mtu alikuwa anajitupa kutoka kwenye ndege huko Dubai, juu ya kile kisiwa walichokijenga baharini kwa umbo la mtende. Kila aliyetazama alitoa hukumu ileile: huyu hana akili. Aliyecheka kuliko wote alikuwa na panga ubavuni na kamba ya kupandia begani, maana kesho yake alikuwa na kibarua cha kukata ngazi kwenye michikichi ya watu. Nilimwuliza kamba ile ina umri gani. Alifikiri kidogo, akasema ilikuwa ya shemeji yake.

Msomaji wa mbali aelewe kwamba huku kwetu mashariki ya Kongo, kuanzia bonde la Ruzizi hadi Makobola, Mboko na Baraka, ngazi ni matunda ya mchikichi, yale mekundu yanayokamuliwa mawese. Ngazi ya kupandia, ile ya mbao na vipago, ndiyo mara nyingi haipo.

Tumpe haki yake yule mwendawazimu wa Dubai. Anaruka kutoka mita 4,000 hivi, na kabla ya kufungua mwamvuli anashuka kwa mwendo unaokaribia kilomita 190 kwa saa. Lakini hafiki ardhini na mwendo huo. Hata ile miavuli ya mviringo ya askari, isiyo na starehe yoyote, humleta mtu chini kwa mita 5 au 6 kila sekunde, kama aliyeruka kutoka ukuta unaokaribia kimo chake. Mkata ngazi akiteleza kutoka mita 6 anagonga ardhi kwa kilomita 39 kwa saa. Kutoka mita 12 ni kilomita 55. Kutoka kilele cha mchikichi mzee wa mita 20 ni kilomita 71, mwendo wa motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyelewa kwenye lami. Hesabu hii hufundishwa sekondari. Kwenye mti haibadiliki kwa sababu ulikuwa unatafuta minervali, yaani ada ya shule, ya watoto.

Marekani, ambako chama cha waruka kwa miavuli huhesabu kila ajali, mwaka 2023 watu waliruka mara milioni 3.65 hivi, wakafa 10. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka kwa kila namna, kukiwemo kutoka mitini, juu ya paa, ngazini na kisimani, huua watu 684,000 kila mwaka, na zaidi ya 80 katika kila 100 wako kwenye nchi zenye kipato kidogo au cha kati. Kwa hiyo tulikuwa tunamcheka mtu mwenye miavuli miwili, wakati rafiki yetu mwenye kamba ya shemeji anatuaga na kwenda kulala.

Jina la Mutarule lilifika mbali kwa ajili ya usiku wa tarehe 6 Juni 2014, walipouawa watu zaidi ya 30. Tangu hapo mgeni akija na daftari anauliza habari za bunduki, na ana haki ya kuuliza. Ila nimeona daftari nyingi na sijaona hata moja ikiuliza habari za miembe. Basi makala hii ni ya miembe, michikichi na mapaa.

Lakini turudi kwanza kwa waruka kwa miavuli. Hawakuzaliwa salama. Katika miaka ya 1970, Marekani peke yake ilikuwa inazika zaidi ya 40 kwa mwaka, na walioruka walikuwa wachache kuliko leo. Kilichobadilika si ujasiri. Mwamvuli wa pili, wa akiba, ulitengenezwa vizuri zaidi. Na tangu mwaka 1991 kimesambaa kifaa kidogo kinachoufungua chenyewe iwapo mtu amezimia au amechanganyikiwa huku ardhi inamkaribia. Sheria yao inataka mwamvuli wa akiba ufunguliwe, ukaguliwe na kukunjwa upya na fundi mwenye kibali kila baada ya siku 180, hata kama haujatumika. Mwanafunzi haruki upepo ukizidi kilomita 22 kwa saa. Akiwa amelipa, akiwa amesafiri kutwa nzima, anaambiwa arudi kesho.

Na bado kuna jambo ambalo lingemnyamazisha mkata ngazi yeyote. Siku hizi wengi wanaokufa au kuvunjika katika mchezo ule si wale ambao mwamvuli wao umekataa kufunguka. Mwamvuli umefunguka vizuri, hauna tatizo. Mwenyewe ni mzoefu, kachagua mwamvuli mdogo wenye kasi, akapiga kona karibu na ardhi kama alivyopiga mara mia. Mchikichini ni hivyohivyo. Mtoto mgeni wa kupanda hung'ang'ania shina kwa mikono na miguu. Mwenye miaka 15 ya kazi ndiye anayeachia mkono mmoja ili ajibu salamu ya mtu wa chini.

Tuanze na kamba, kwa kuwa ndiyo mwamvuli pekee alionao. Iwe ya nyuzi za mti au ya nailoni, kamba inazeeka hata ikiwa imetundikwa ukutani. Ya nyuzi huoza kutoka ndani ikilowa na kukauka mara nyingi. Ikunje kwa nguvu, ukisikia inalia kama majani makavu, au ukiona unga unadondoka, ifungie mbuzi. Ya nailoni huuawa na jua: inapauka, inakuwa ngumu, inachomoza vinywele. Kila asubuhi, kabla ya mti wa kwanza, zungusha kamba kwenye shina nusu mita tu kutoka chini, jiegemeze nayo kwa uzito wako wote, jitikise mara tatu. Kama itakatika, ikatike hapo, uangukie makalio mbele ya wenzako wakucheke. Kamba iliyowahi kuguswa na panga, hata mara moja tu, haipandi tena. Na umri wa kamba usiwe wa kukumbuka: siku uliyoinunua funga kitambaa chenye mwezi na mwaka. Kamba ya kurithi ni jambo la kujivunia sebuleni.

Halafu kamba ya pili. Najua jibu: inachelewesha. Kata kamba fupi, ifunge imara kiunoni, na ukishafika kileleni izungushe shina na kuifunga kabla panga halijaanza kazi. Hiyo ndiyo akiba. Wengi huanguka wakiwa wamekwisha kufika, wakati wa kukata, kwa kuwa jicho liko kwenye kichala na panga linarudi lenyewe kuelekea kamba. Panga nalo lisipande nawe mkononi, seuze mdomoni. Livutwe kwa uzi ukishatulia. Na kabla ya yote hayo simama mbali kidogo, utazame kilele kwa utulivu. Nyuki na nyigu wanaonekana wakiingia na kutoka. Nyoka haonekani, lakini ndege wanaopiga kelele sehemu moja bila kutua huwa wameona kitu. Mtu akiumwa na nyuki akiwa juu haanguki kwa sababu ya sumu, anaanguka kwa sababu mikono yote miwili imekwenda usoni.

Siku ya kutopanda ipo, na ifuatwe kama Jumapili. Mvua imenyesha usiku: subiri gome likauke. Upepo wa ziwa umeanza kuyachezesha makuti: shuka. Umetoka kwenye malaria na bado unatumia kinini: masikio yanalia, kichwa kinazunguka, hiyo ni kazi ya dawa yenyewe, na siku unazoimeza si siku za kupanda. Mwenye kifafa asipande kabisa, na familia isimfiche. Kuhusu pombe za kasiksi na kanyanga sina la kuongeza, ila nimeshangaa jinsi watu wanavyokubali kwamba mlevi asiendeshe moto, yaani pikipiki, lakini wanampa mti.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mngoje, ndiyo, lakini si chini ya mti. Kichala cha ngazi cha kilo 20 kikitoka mita 15 hakina tofauti na jiwe. Mtu wa chini akae hatua 15 kutoka shinani, afukuze watoto na mbuzi, na awe na simu yenye uniti. Asiwepo mkata ngazi anayekwenda shambani peke yake. Aliyeanguka saa mbili asubuhi akakutwa saa kumi jioni, kwa sehemu kubwa saa zile nane ndizo zilizomwua.

Kuna njia ya kushinda urefu bila kupigana nao, nayo ilizaliwa Kongo hii hii. Kule Yangambi, kandokando ya mto mkubwa, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walichapisha mwaka 1941 matokeo yaliyoonyesha kwamba ule mchikichi wenye nyama nyingi na ganda jembamba la kokwa, tenera, ni chotara wa aina mbili nyingine. Mashamba makubwa ya michikichi duniani yalijengwa juu ya ugunduzi huo. Tenera huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, wakati ngazi bado zinafikiwa na mtu aliyesimama. Mashamba hayo hukata miti yao ikikaribia miaka 25, na sababu mojawapo ni kwamba imekuwa mirefu mno kuvunwa. Sisi tunaiachia urithi mpaka ifike mita 20, kisha tunamtafuta kijana wa kuipanda kwa malipo ya kichala. Ukiwa na michikichi mizee kumi, panda michanga kumi pembeni mwaka huu. Kwa sasa, miti ya kimo cha wastani ivunwe kutoka chini kwa mundu uliofungwa kwenye mwanzi mrefu. Mkono unachoka, shingo inauma, ngazi zinatawanyika. Ndiyo hasara yake yote.

Mwembe ni habari nyingine, kwa sababu mpandaji ni mtoto. Mvua zikishika na maembe yakianza kugeuka rangi, watoto hawalali. Kumkataza mtoto wa Mutarule asipande mwembe ni kama kumkataza samaki asilowe, kwa hiyo sitawapa akina mama ushauri huo. Watengenezeeni upondo wenye kifuko cha wavu mwishoni, wavu wowote mkuukuu wa wavuvi wa Uvira unafaa, na mkate matawi makavu kabla ya msimu, kwani tawi kavu ndilo lililo karibu na shina na ndilo linalovutia mguu. Mtoto akianguka na kutanguliza mkono, kiwiko huvimba haraka. Usikinyooshe. Tazama vidole: vikiwa baridi, vimepauka, au mtoto anasema havina hisia, hapo hakuna kusubiri kesho, maana mfupa uliovunjika juu ya kiwiko unaweza kubana mshipa wa damu na mkono ukafa.

Juu ya paa, waezekaji wa manjanja, yaani mabati, wanavunjika kwa sababu moja kubwa: wanakanyaga katikati ya bati badala ya juu ya msumari, pale penye mti. Na wanaosafiri juu ya magunia kwenye lori la kwenda sokoni Sange au Luvungi washike kamba ya mzigo, wasishikane wao kwa wao.

Askari wa miavuli hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuruka. Miguu pamoja, magoti yamelegea kidogo, kidevu kifuani, viwiko vimebanwa mbavuni. Nyayo zikigusa, mwili unajiviringisha kuelekea ubavu: shavu la mguu, paja, tako, kisha mgongo kwa upande. Pigo linagawanywa badala ya kupokelewa na mfupa mmoja. Mafunzo haya yanafaa kutoka ukutani, kwenye tawi la chini, kwenye lori lililosimama. Watoto wanaweza kuyacheza mchangani na wakayapenda. Kutoka mita 15 hayakusaidii, na atakayewauzia habari kwamba kuna namna ya kuanguka kutoka kwenye mchikichi bila kuumia, msimnunulie hata soda.

Nimefika mahali palipofanya nishike kalamu. Mtu ameanguka. Yuko chini, macho wazi, anaguna. Watu wanakuja mbio, na kila mmoja ana upendo. Wa kwanza anamshika kwapani amkalishe. Wa pili anammwagia maji. Wa tatu anasema jikaze, wewe ni mwanaume, simama tuone. Kisha unaitwa moto, mgonjwa anawekwa katikati, mbele motari na nyuma shemeji anayemkumbatia asianguke, na hivyo ndivyo wanavyoruka mashimo yote mpaka kituo cha afya. Uti wa mgongo uliokuwa umepasuka pingili moja, lakini uzi wa ndani bado mzima, unafika umekatika. Alianguka mchikichini akiwa na miguu. Miguu aliipoteza njiani.

Basi ukifika wa kwanza, kazi yako kubwa ni kuwazuia wengine. Piga magoti upande wa kichwa chake, weka mikono yako miwili kwenye pande za kichwa, kitulie kama kilivyokutwa, na uongee naye kwa jina lake. Akijibu, anapumua na ubongo unafanya kazi. Umepata habari mbili kwa mara moja. Mwulize panapouma. Mwambie achezeshe vidole vya mikono, kisha vya miguu, bila kuinua kitu. Mguse nyayo, mwulize unagusa mguu gani. Asiposikia, au akisema kuna ganzi, au mgongo unamwuma katikati, mchukulie kama yai lililopasuka ganda. Aliyetua kwa miguu na visigino vimevimba, hata kama mgongo hausemi kitu, mshuku mgongo: pigo lililovunja kisigino lilipanda kwa njia ya nyonga hadi kiunoni, na maumivu makali ya chini huficha ya juu.

Damu inayotiririka izibwe kwa kitambaa safi na kiganja, kwa nguvu, bila kuchungulia kila dakika. Mfupa uliotoka nje usirudishwe ndani, funika, basi. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye banzi linalovuka kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko. Ule mti wa kati wa kuti la mchikichi, ukikwanguliwa miiba na kuzungushiwa kitenge, ni banzi zuri, na mahali hapo haukosekani. Asipewe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji kupasuliwa, na kwa kuwa atatapika akiwa amelala chali. Akianza kutapika, au akizimia na koo likikoroma, hapo mgongo unasubiri: mgeuzeni kwa ubavu wote kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga katika mstari mmoja, mmoja akiongoza kwa sauti, moja, mbili, tatu. Pumzi haingoji.

Kumwinua kunataka watu wanne au watano na kitu kigumu: mlango uliong'olewa, ubao wa kitanda, machela ya miti, kile kipoyi ambacho wazee walibebea wajawazito kushuka milimani. Mgeuzeni ubavu kwa mtindo uleule, msukumieni ubao chini, mlazeni juu yake, mfungeni kwa vitenge kifuani, nyonga na miguu, na mwekeeni nguo zilizokunjwa pande mbili za kichwa. Kisha mtembee. Kutoka shambani hadi kituo cha afya cha karibu, watu wanne wanaopokezana wanamfikisha mtu salama kuliko moto wowote. Kutoka kituoni kwenda mbele, kama ni Uvira kusini au Lemera juu mlimani, mtafutieni gari anamoweza kulala, hata liwe lori la mchanga, huku ubao ukiwa bado chini yake.

Nitaulizwa: na kama gari halipo? Nasema hivi, na najua ni ngumu kusikika. Mtu anayepumua vizuri, asiyetoka damu, mwenye mgongo unaoshukiwa, ni heri alale saa tatu juu ya ubao kivulini akisubiri gari kuliko nusu saa akiwa ameketi juu ya moto. Mwenye mkono uliovunjika, apande moto, hakuna tatizo. Lakini yupo wa tatu, ambaye kwake kila dakika ni damu, na huyo bondeni kwetu tunaye zaidi kuliko watu wa nchi za baridi.

Sababu ni malaria. Mtu aliyeumwa malaria mara nyingi tangu utotoni huwa na bandama iliyokua, laini, imejaa damu, imejitokeza chini ya mbavu za kushoto. Pigo ambalo kwa mwingine ni mbavu kuuma, kwake ni bandama kupasuka. Na ujanja wake mbaya ni kwamba pengine haipasuki siku hiyo. Inavuja ndani ya ganda lake, mtu anaamka, anatembea, anasema Mungu amemsaidia, kisha siku ya tatu au wiki iliyofuata anaanguka akiwa anakula. Kwa hiyo kila aliyeanguka kutoka juu atazamwe wiki mbili, na asilime wala kubeba mzigo. Tumbo likiwa gumu, bega la kushoto likiuma bila kuguswa, viganja na ndani ya midomo vikipauka, moyo ukienda mbio, jasho baridi, kizunguzungu akisimama, huyo apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, kwa chombo chochote kilicho karibu, na ndugu wenye damu ya kutoa waende naye. Msimpitishe kwanza kwa mtu wa kumkanda tumbo.

Nimemtaja mkandaji, nimalizane na mganga wa mifupa. Simdharau. Kwa mvunjiko rahisi wa mkono, mzee anayejua kazi yake amewatoa wengi. Ugomvi wangu naye ni kamba za banzi. Banzi likifungwa kwa kukaza sana, na mguu ukaendelea kuvimba ndani yake, damu haipiti, na nyama huanza kuoza. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua usiku wa kwanza, vidole vilivyovimba, vyeusi au baridi: legeza banzi saa hiyohiyo, usingoje ruhusa ya mzee, kisha nenda kituoni. Na jeraha lenye udongo linataka sindano ya pepopunda, ambayo mzee hana.

Wapo watakaorudi nyumbani bila miguu kufanya kazi. Nawaandikia walio nao ndani. Wengi wa hawa hawauawi na mgongo. Wanauawa na vidonda na mkojo. Mgeuzeni kila saa mbili, usiku pia, kwa zamu, hata watoto wakubwa waingie kwenye zamu. Kila asubuhi kagueni makalio, visigino na nyonga. Wekundu usioisha ni kidonda kinachobisha hodi. Anywe maji mengi. Mkojo ukikoma, au ukiwa mzito na unanuka na homa imepanda, ni kazi ya muuguzi leo, si mwisho wa wiki. Mjini Bukavu kipo kituo cha Heri Kwetu kinachohudumia watu wenye ulemavu wa viungo. Anayeweza kufika apate kiti cha magurudumu na ufundi wa kukaa, safari hiyo ina faida kuliko maombi ya mwaka mzima ya kusimama.

Gharama msiziache ziwe za familia moja. Vikundi vya likilimba, yaani vya kuchangishana fedha kwa zamu, vipo kila kijiji. Wakata ngazi wa eneo moja waweke bidoni moja, yaani dumu, ya mawese pembeni kila msimu, iuzwe bei ikipanda, fedha zikae kwa mtu ambaye si mpandaji. Mwenye shamba naye achangie. Anayemlipa kijana kwa kichala hajamlipa hatari. Na reko, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa, awe na orodha iliyobandikwa mlangoni kwake: namba ya muuguzi mkuu wa kituo, namba za wenye magari wanaokubali kuamshwa usiku, na jina la nyumba yenye ubao au kipoyi.

Jambo la mwisho ni karatasi, na wanaoipokea hospitalini huifurahia kuliko maelezo ya watu kumi wanaoongea kwa pamoja. Kabla mgonjwa hajaondoka, mwenye mwandiko mzuri aandike: saa aliyoanguka, urefu wa mti, alitua kwa sehemu gani, kama alizimia na kwa muda gani, kama alichezesha vidole vya miguu pale chini, saa aliyokojoa mara ya mwisho, dawa aliyopewa. Karatasi hiyo iwekwe mfuko wa shati au ifungwe kwenye kifundo cha mkono usiovunjika. Isiwekwe mfuko wa suruali, kwa kuwa suruali itakatwa kwa mkasi na kutupwa kwenye ndoo.